Uchaguzi wa Rais Ireland: Kwa Nini Kadi ya Chama Haitoshi

Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba 2025, Ireland ilipiga kura kumchagua rais wake wa kumi. Majina kwenye karatasi yalikuwa matatu, lakini mwenye jina mojawapo, Jim Gavin wa chama cha Fianna Fáil, alikuwa amekwisha kujitoa siku 19 kabla. Hata hivyo watu 103,568 waliandika namba 1 mbele ya jina lake. Aliyeshinda kwa kishindo cha asilimia 63.4, Catherine Connolly, ni mgombea binafsi aliyebebwa na vyama vya upinzani. Fianna Fáil, chama kilichotoka na viti vingi kuliko vyote katika uchaguzi mkuu wa Novemba 2024, na ambacho kiongozi wake ndiye Waziri Mkuu, kiliambulia asilimia 7.2. Juu ya hayo, kura 213,738 ziliharibika, yaani karibu 13 katika kila kura 100 zilizotumbukizwa masandukuni.

Hesabu hii imewachanganya wengi. Chama kinachoongoza serikali kinapataje asilimia 7? Mtu aliyejitoa anabakije kwenye karatasi? Na mgombea "binafsi" mwenye vyama vitano mgongoni ni binafsi wa namna gani?

Jibu fupi ni hili: Ireland, utiifu kwa chama una nguvu kubwa wakati wa kumsaka mgombea, na una nguvu ndogo sana wakati wa kupiga kura. Kati ya hatua hizo mbili ndipo mgombea anapopigwa msasa, na mara nyingi anayeushika msasa huo si chama chake.

Rais asiyetawala

Tuanze na cheo chenyewe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Anayeongoza serikali ya Ireland ni Waziri Mkuu, anayeitwa Taoiseach, na anatokana na Bunge. Rais ni mkuu wa nchi. Anaishi Áras an Uachtaráin, jumba jeupe lililo ndani ya Phoenix Park jijini Dublin. Anatia saini sheria, anapokea mabalozi, anamteua Waziri Mkuu ambaye Bunge limekwisha kumpitisha. Hawezi hata kusafiri nje ya nchi bila ridhaa ya serikali. Muhula wake ni miaka saba, na haruhusiwi kuzidisha mihula miwili.

Madaraka yenye meno ni machache. La kwanza, anaweza kuupeleka muswada Mahakama ya Juu ipime kama unaendana na katiba kabla hajautia saini. La pili, Waziri Mkuu aliyepoteza wingi wa wabunge akitaka Bunge livunjwe, Rais anaweza kumkatalia. Mwaka 1976 Rais Cearbhall Ó Dálaigh alilitumia lile la kwanza kwa muswada wa hali ya hatari. Waziri wa Ulinzi akamtukana hadharani mbele ya wanajeshi. Serikali haikumwondoa waziri, basi Rais akajiuzulu yeye.

Sasa fikiria maana yake kwa mpiga kura. Rais hagawi vyeo, haleti barabara, hapangi kodi. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Fine Gael, chama kingine kikubwa, ambaye babu yake alikuwa Fine Gael, anaweza kumpa kura mgombea wa mrengo mwingine kabisa siku ya Ijumaa, na Jumatatu akaamka serikali ni ile ile, mbunge wake ni yule yule. Hajasaliti kitu. Ndiyo maana kura ya rais imekuwa mahali ambapo wananchi wa nchi ile hupumua nje ya vyama vyao. Ikumbukwe kwamba vyama vyenyewe vina mizizi mirefu: Fianna Fáil na Fine Gael vinatokana na pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, na hadi 2020 havikuwahi kukaa serikali moja ya mseto. Katika koo nyingi kadi ilirithiwa kama shamba.

Ila uhuru huo una upande wa pili. Kwa kuwa rais hana sera za kutekeleza, kinachobaki kupimwa ni mtu mwenyewe: alisema nini, alifanya nini, na akiulizwa anajibuje.

Nani anaingia kwenye karatasi

Katiba inataka mgombea awe raia mwenye umri wa miaka 35 au zaidi, kisha apendekezwe kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ama wabunge na maseneta wasiopungua 20 wamtilie saini, ama halmashauri 4 kati ya 31 za nchi zimpitishe. Rais aliye madarakani au aliyewahi kuwa rais anaweza kujipendekeza mwenyewe, mradi awe bado na muhula.

Hapa ndipo vyama vinapokaza kamba. Mwaka 2018, wagombea wanne waliingia kwa mgongo wa madiwani. Mwaka 2025 hakupita hata mmoja kwa njia hiyo, na Fine Gael iliwaelekeza madiwani wake wasiwapitishe watu wa nje. Maria Steen, mwanasheria mwenye msimamo wa kihafidhina, alitafuta saini za wabunge akafikisha 18. Zilipungua mbili tu. Siku ya kura karatasi ikawa na majina matatu, machache kuliko wakati wowote tangu 1990.

Kwa ndugu zetu wanaoishi huko, hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mkenya au Mtanzania anayeishi Cork bila uraia wa Ireland hana kura ya rais, ila sheria inamruhusu kumchagua diwani, na diwani ndiye mwenye sauti katika halmashauri inayoweza kumpendekeza mgombea urais. Raia wa Ireland anayeishi Boston au London, kwa upande wake, hana kura kabisa.

Ndani ya chama mambo ni ya mkono zaidi. Wabunge, maseneta na wabunge wa Ulaya wa Fianna Fáil walikutana Septemba 2025 kuchagua kati ya Gavin na Billy Kelleher, mwanasiasa mzoefu anayekiwakilisha chama katika Bunge la Ulaya. Waziri Mkuu Micheál Martin alimtaka Gavin, na wakubwa wa chama wakajipanga nyuma yake. Gavin akapata kura 41 dhidi ya 29. Hakuwa amegombea uchaguzi wowote maishani mwake. Sifa yake ilitoka uwanjani: aliifundisha timu ya Dublin ya soka la Kigaeli ikatwaa ubingwa wa taifa miaka mitano mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2019, na kabla ya hapo 2013.

Zile kura 29 zilistahili kuangaliwa vizuri kuliko zilivyoangaliwa. Kiongozi wa chama anayeongoza serikali anasimama na mtu wake, na bado wenzake wanne katika kila kumi wanamkatalia. Huo haukuwa utiifu wa moyoni. Wengi waliopiga makofi siku ile walikuwa wanamtii mkubwa.

Posa iliyofanyiwa uchunguzi baada ya kadi kusambazwa

Familia zetu zina utaratibu wa kuulizia. Kijana akileta posa, wazee hawamalizii kwenye heshima yake sebuleni. Wanatuma mtu alikokulia, alikopanga, alikofanya kazi. Kazi hiyo hufanywa kimyakimya na mapema, kwa sababu kadi zikishasambazwa kila kinachogunduliwa ni aibu ya pande zote mbili.

Fianna Fáil walisambaza kadi kwanza. Pazia la uteuzi lilifungwa tarehe 24 Septemba. Mapema Oktoba magazeti yakaandika kwamba mwaka 2009 Gavin alikuwa na nyumba ya kupangisha, na mpangaji wake alilipa kodi kupita kiasi, jumla ya euro 3,300 za ziada, akaziomba arudishiwe asizipate. Miaka 16 ilikuwa imepita. Tarehe 5 Oktoba Gavin aliulizwa habari hiyo kwenye mdahalo wa televisheni akajibu kwa kubabaika, na usiku wa siku hiyo hiyo akatangaza kujitoa.

Msomaji anaweza kuuliza: euro 3,300 tu? Kwetu mtu hujiuzulu kwa mabilioni, na pengine hata kwa mabilioni hajiuzulu. Lakini iangalie hela hiyo kwa macho ya Mwirishi wa 2025. Nyumba ndiyo kidonda cha nchi: kodi zimepanda, vijana wenye kazi nzuri bado wanaishi kwa wazazi, na mwenye nyumba asiyerudisha hela ya mpangaji ni mtu ambaye kila mpangaji anamjua kwa sura. Kisha kumbuka tulichosema juu ya cheo. Gavin hakuwa na sera za kujifichia. Alikuwa anauza jina lake zuri, na habari ile iligonga hapo hapo.

Je, kwa nini chama hakikumleta mtu mwingine? Kwa sababu sheria haina mlango huo. Uteuzi ukishafungwa, jina halitoki na halibadilishwi. Karatasi zilichapishwa na picha ya Gavin na jina la chama chake, na kila kura aliyopewa ilikuwa halali na ikahesabiwa. Wale watu 103,568 hawakuwa wajinga wasiosoma magazeti. Wengine walikuwa wanakiheshimu chama tu, wengine walikuwa wanawakataa wanawake wawili waliobaki, Connolly na Heather Humphreys wa Fine Gael, bila kutaka kuharibu karatasi, na wengine bila shaka waliona ameonewa. Gharama nayo ilibaki kwa chama, kwa kuwa mgombea hurudishiwa fedha za kampeni endapo tu atavuka asilimia 12.5, na Gavin hakufika.

Mkanda wa 1990 na mdahalo wa 2011

Yaliyompata Gavin si mageni. Mwaka 1990 Fianna Fáil ilikuwa haijawahi kushindwa uchaguzi wa rais uliogombaniwa. Mgombea wake, Brian Lenihan, alikuwa naibu waziri mkuu, mtu wa watu, mwenye marafiki hadi upinzani. Wiki chache kabla ya kura, aliulizwa kwenye televisheni kama Januari 1982 alimpigia simu Rais Patrick Hillery kumshawishi asilivunje Bunge. Akakana. Kumbe miezi michache nyuma alikuwa ameketi na mwanafunzi aliyefanya utafiti wa chuo, akamweleza kwa raha zake kwamba ndiyo, alipiga simu, na mwanafunzi alikuwa na kinasa sauti. Mkanda ukachezwa mbele ya waandishi wa habari. Lenihan akarudi kwenye televisheni, akaiangalia kamera, akasema kwamba akikumbuka vizuri, lile la kwenye mkanda silo. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kuisikia sauti yake.

Ikumbukwe simu ile ilihusu nini: lile daraka la pili la Rais, la kukataa kulivunja Bunge. Aliyetaka kukaa kwenye kiti alikuwa ameshukiwa kukiingilia kiti. Chama mshirika kikatishia kuiangusha serikali, na Waziri Mkuu Charles Haughey akamfukuza kazi rafiki yake wa miaka mingi wiki moja kabla ya kura.

Hata hivyo utiifu wa chama haukufa. Lenihan aliongoza hesabu ya kwanza kwa asilimia 44.1, Mary Robinson akiwa na 38.9 na Austin Currie wa Fine Gael 17. Kilichomwangusha ni mfumo wa kura. Mpiga kura wa Ireland haweki tiki. Anapanga namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinagawiwa kufuata namba 2. Zaidi ya robo tatu ya kura za Currie zilikwenda kwa Robinson, naye akaapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa nchi ile. Ndiye huyo huyo aliyekuja Afrika Mashariki Oktoba 1992 baada ya kuiona njaa ya Somalia, akashindwa kuzuia uchungu wake mbele ya waandishi wa habari Nairobi.

Funzo la mfumo huu kwa vyama ni chungu: wafuasi wako watiifu wanaweza kukupa nafasi ya kwanza, lakini ushindi unahitaji pia namba 2 ya watu wasiokupenda sana. Mgombea aliyechafuka hapewi namba 2.

Mwaka 2011 mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Siku nne kabla ya kura, uchunguzi wa maoni ulimweka Seán Gallagher, mfanyabiashara aliyewahi kuwa ndani ya uongozi wa Fianna Fáil lakini akigombea kama mtu binafsi, kwenye asilimia 40. Jumatatu usiku kwenye mdahalo wa televisheni ya taifa, RTÉ, alibanwa kuhusu hundi ya euro 5,000 ya harambee ya Fianna Fáil. Mtangazaji akasoma ujumbe wa Twitter uliodaiwa kutoka kwa kampeni ya mpinzani wake Martin McGuinness, kwamba mtoa hundi angejitokeza kesho. Gallagher akajikanyaga. Ujumbe ulikuwa wa akaunti ya uongo. Siku tatu baadaye alipata asilimia 28.5, na Michael D. Higgins akapita. RTÉ ilikuja kumlipa Gallagher euro 130,000 na kumwomba radhi, mwaka 2017.

Kwa hiyo msasa wa hadharani unakwangua haraka, na wakati mwingine unakwangua pasipostahili. Nadhani hili husahaulika na wanaousifu sana.

Katika uchaguzi huo huo wa 2011 kuna tarakimu inayomaliza ubishi kuhusu kadi ya chama. Februari, Fine Gael ilishinda uchaguzi mkuu kwa asilimia 36. Oktoba, miezi minane baadaye, mgombea wake wa urais, Gay Mitchell, alipata 6.4. Wapiga kura walikuwa ni wale wale. Waangalizi wa vyama huyaona haya kwa macho yao: Ireland kura huhesabiwa kwa mkono, na mawakala husimama nyuma ya kizuizi na kalamu na ubao wa karatasi, wakichungulia kila karatasi inapokunjuliwa na kuchora vijistari, sanduku kwa sanduku. Kabla ya matokeo rasmi wanajua ni kijiji gani cha chama chao kimewatoroka.

Kuhusu huyo "binafsi"

Connolly hana chama, lakini si kwamba hajui vyama. Alikuwa diwani wa Labour na aliwahi kuwa meya wa Galway. Kuelekea uchaguzi wa 2007 aliomba kugombea ubunge pamoja na mkongwe wa chama hicho katika jimbo la Galway Magharibi, akakataliwa, akaondoka. Mkongwe huyo alikuwa Michael D. Higgins, ambaye Novemba 2025 alimwachia jumba la urais. Mwaka 2016 Connolly aliingia bungeni kama mtu binafsi.

Kugombea binafsi, basi, hakuna maana ya kugombea peke yako. Maana yake ni kwamba hakuna chama kinachoweza kusema ni mtu wetu, na hakuna chama kimoja ambacho aibu yake inakuangukia. Sinn Féin, Labour, Social Democrats, Greens na People Before Profit walimkusanyia wahamasishaji na saini, kila mmoja akiwa na sababu zake. Utiifu ulisuasua hapo pia: Alan Kelly, aliyewahi kuwa kiongozi wa Labour, alikataa kumuunga mkono mgombea aliyepitishwa na chama chake.

Naye alipekuliwa vilivyo. Aliulizwa kuhusu safari yake ya Syria, na kuhusu mtu aliyewahi kufungwa kwa makosa ya silaha ambaye alimwajiri bungeni. Fine Gael ilitoa video ikimshambulia kwamba akiwa wakili aliyatetea mabenki yaliyotaka kuchukua nyumba za watu. Kwa nini hayo hayakumwangusha, na 3,300 zikamwangusha Gavin? Kwa maoni yangu, tofauti ni mbili. Kwanza, misimamo ya Connolly ilijulikana kwa miaka tisa ya bungeni; aliyempenda alimpenda nayo. Pili, shambulio lake lilitoka kwenye chama cha mpinzani, Heather Humphreys, na mpiga kura akalisikia kama kelele za chama. Habari ya Gavin ilitoka kwa mpangaji.

Na kura zilizoharibika

Hizi si za watu wasiojua kuandika namba. Uchaguzi wa rais wa 2018 zilikuwa zaidi kidogo ya asilimia moja. Mwaka 2025 kulikuwa na kampeni ya wazi ya kuharibu kura, na karatasi nyingi ziliandikwa majina ya watu ambao hawakuruhusiwa kugombea, la Steen likiwamo. Ukizijumlisha kura hizo na zile za Gavin, unapata watu zaidi ya 317,000 waliokwenda kituoni bila kumchagua yeyote kati ya wawili waliobaki. Waliojitokeza walikuwa asilimia 45.8 ya walioandikishwa.

Tangu hapo kuna mjadala wa kupunguza saini 20 ili milango ifunguke. Sheria ya kujitoa na ile ya kurudishiwa fedha Bunge linaweza kuzibadilisha likitaka. Namba 20 imo ndani ya katiba, kwa hiyo inahitaji kura ya maoni ya wananchi, na wananchi hao si wepesi: mwaka 2015 waliulizwa kama umri wa kugombea urais ushuke kutoka miaka 35 hadi 21, na asilimia 73 wakasema hapana. Muswada wa kuitisha kura ya namna hiyo nao lazima uanzie bungeni, mikononi mwa vyama vile vile vinavyofaidika na namba 20.